Maradhi ya moyo wakati wa ujauzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lamu na visiwani

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wajawazito, waume zao na mavyaa zao wanaoishi Amu, Pate, Manda, Kiwayu na vijiji vya bara vya Lamu, ambako kumfikia daktari bingwa wa moyo mara nyingi ni safari ya bahari na barabara. Hayachukui nafasi ya kliniki. Yanakusudiwa kumsaidia mama aende kliniki akijua la kuuliza, na kuwasaidia watu wa nyumbani watambue mapema jambo ambalo halifai kungojewa hadi asubuhi.

Mimba huuongezea moyo kazi gani?

Kufikia miezi mitatu ya mwisho, damu mwilini mwa mjamzito huwa imeongezeka kwa takriban asilimia 40 hadi 50, moyo hupiga mapigo 10 hadi 20 zaidi kwa kila dakika, na damu inayosukumwa huzidi ile ya kawaida kwa asilimia 30 hadi 50. Moyo mzima hulistahimili ongezeko hili bila mama kuhisi zaidi ya uchovu. Moyo wenye kasoro huenda usilistahimili, na kwa kuwa mzigo hufika kileleni karibu na wiki ya 28 hadi ya 32, mwanamke aliyeishi na vali mbovu, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, tangu utotoni bila kujua, akapanda ngazi na kucheza lelemama harusini kama wenzake, anaweza kuanza kuhema katika mwezi wa saba na kudhani ni ukubwa wa tumbo.

Baada ya kilele hicho kuna nyakati mbili nyingine za kuangaliwa. Ya kwanza ni uchungu wenyewe. Ya pili, ambayo watu wengi huisahau, ni saa 24 hadi 72 baada ya mtoto kuzaliwa: mji wa mimba hujikaza na kurudisha damu nyingi katika mishipa kwa mkupuo mmoja, na mama aliyevuka uchungu salama anaweza kujaa maji mapafuni wakati jamaa wameshaanza kupigiana simu za pongezi.

Nitajuaje kama pumzi zinazonikatika ni za mimba tu?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote katika ukurasa huu, kwa sababu dalili za moyo na za mimba ya kawaida hufanana mno. Uchovu, miguu kuvimba jioni, moyo kwenda mbio kidogo na kuhema ukipanda ngazi ni mambo ambayo wajawazito wengi wazima huyapata. Kinachotofautisha ni ukali wa dalili, kasi ya kuongezeka kwake, na hali ya mama anapokuwa amepumzika.

Jiulize hivi: wiki mbili zilizopita ulikuwa ukipanda ngazi za nyumba ya mawe hadi juu bila kusimama, je, sasa unasimama katikati ukishika ukuta? Unaweza kulala kwa mto mmoja, au umeanza kupanga miwili na mitatu, na hatimaye unalala umekaa kitini? Umeamka usiku wa manane ukitafuta hewa dirishani? Mjamzito mzima huhema anapojitahidi, lakini hatakiwi kukosa pumzi kwa sababu tu amelala chali, wala hatakiwi kuamshwa usingizini na pumzi.

Dalili zifuatazo hazisubiri tarehe ya kliniki: kikohozi kisichokwisha cha usiku, hasa kikitoa povu au makohozi yenye damu, maumivu ya kifua, kuzimia, hasa wakati wa kufanya kazi, uvimbe unaopanda hadi mapajani, au unaofika usoni na mikononi, na mapigo ya moyo yanayokwenda ovyo. Muuguzi akihesabu pumzi 24 au zaidi kwa dakika, au mapigo ya moyo 110 au zaidi, ilhali mama amekaa ametulia, mama huyo anahitaji kuonwa na daktari siku hiyo hiyo. Kuhesabu pumzi hakuhitaji mashine, ni saa tu na dakika moja nzima ya kutazama kifua kikipanda na kushuka, na kwa maoni yetu ni kipimo kinachorukwa mara nyingi kuliko kinavyostahili. Mama ana haki ya kukiomba.

Jambo jingine linalochanganya mambo katika mwambao huu ni upungufu wa damu, ambao nao huleta kuhema na moyo kwenda mbio, na mara nyingi hutokana na malaria, minyoo au lishe. Kwa hiyo kipimo cha damu hufanywa kwanza, na ikiwa kiwango cha damu ni chini ya gramu 11 kwa desilita mama hutibiwa. Hata hivyo, kupatikana kwa upungufu wa damu hakuondoi uwezekano wa ugonjwa wa moyo. Viwili hivi huweza kukutana katika mtu mmoja, na kila kimoja hukizidisha kingine.

Sijawahi kuambiwa nina ugonjwa wa moyo. Kwa nini nihofie?

Kwa sababu katika Afrika Mashariki ugonjwa wa moyo unaoonekana zaidi kwa wajawazito ni ule unaoanza na koo. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 huumwa koo kwa bakteria waitwao streptokoki, koo hupona, kisha wiki mbili hadi nne baadaye huja homa ya rumatiki: viungo vinavyovimba na kuuma, leo goti, kesho kiwiko, na pengine mikono inayocheza yenyewe. Homa hiyo nayo huisha. Kinachobaki ni kovu kwenye vali za moyo, ambalo huongezeka polepole kwa miaka mingi bila kuuma. Msichana huolewa, hupata mimba, na mimba ndiyo inayolifichua.

Vali inayoathirika zaidi ni ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo. Ikisinyaa huwa kama mlango mwembamba wa uchochoroni siku ya Maulidi: watu wameongezeka, mlango ni ule ule, na msongamano hurudi nyuma. Nyuma ya vali hiyo ni mapafu, na ndiyo maana dalili yake ya kwanza huwa pumzi. Mapigo yakienda mbio hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa moyo hukosa nafasi ya kujaa kati ya pigo na pigo.

Basi mwambie mkunga ikiwa utotoni uliwahi kulazwa kwa viungo kuvimba, ikiwa uliwahi kuchomwa sindano ya penisilini kila mwezi kisha ukaacha, au ikiwa daktari yeyote aliwahi kusema kwamba moyo wako una sauti isiyo ya kawaida. Muulize mama yako mzazi pia, kwa sababu yeye hukumbuka yale ambayo wewe ulikuwa mdogo mno kuyajua. Kipimo kinachothibitisha ni eko ya moyo, ambayo ni picha ya mawimbi ya sauti kama ile ya kumtazama mtoto tumboni, haina mionzi ya eksirei, na haimdhuru mtoto.

Ugonjwa huu ulitajwa katika azimio la Baraza la Afya Duniani la mwaka 2018, lakini kinga yake ni ya kawaida kabisa: mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe zahanati atibiwe ipasavyo, asitulizwe kwa asali na ndimu peke yake.

Presha ya mimba ni ugonjwa wa moyo?

Presha ni maradhi ya mishipa, na moyo ndio unaosukuma dhidi yake, kwa hiyo haiwezekani kuvitenganisha. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi inayoanza baada ya wiki ya 20, ikiambatana na protini katika mkojo au dalili za kuathirika kwa viungo vingine, ni hatari inayoweza kuishia katika kifafa cha mimba. Ikifika 160 kwa 110, hiyo ni dharura ya kutibiwa mara moja. Kuumwa kichwa kusikopoa, kuona maluweluwe na maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia ni dalili za kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mama aliyepata tatizo hili katika mimba iliyotangulia amwambie mkunga mapema, kwa kuwa dozi ndogo ya aspirini, ikianzwa baada ya wiki ya 12 na kabla ya wiki ya 20 kwa agizo la daktari, hupunguza uwezekano wa kurudiwa. Presha ikishuka baada ya kuzaa, jambo halijaisha: wanawake waliopata hali hii wana hatari ya maradhi ya moyo karibu mara mbili ya wenzao katika miaka ya baadaye, na wanapaswa kupimwa presha kila mwaka hata wakijiona wazima.

Ninajua nina ugonjwa wa moyo. Je, nishike mimba?

Wengi wanaweza, lakini swali hili huulizwa kabla ya mimba. Madaktari hutumia mpangilio wa Shirika la Afya Duniani unaogawa maradhi ya moyo katika ngazi, kutoka ya kwanza, ambayo hatari yake ni ndogo, hadi ya nne, ambayo mama hushauriwa asishike mimba kabisa. Katika ngazi hiyo ya nne kuna presha kubwa ya mishipa ya mapafu, vali ya mitrali iliyosinyaa vikali, na moyo dhaifu unaosukuma nje chini ya asilimia 30 ya damu iliyomo ndani ya chumba chake kikuu.

Baadhi ya mambo hurekebishika. Vali iliyosinyaa inaweza kupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa, na ni bora zaidi lifanywe kabla ya mimba, ingawa huweza kufanywa hata wakati wa mimba pale inapolazimu. Ikiwa mimba imeshaingia na maisha ya mama yamo hatarini, familia ina haki ya kuzungumza na madaktari waziwazi kuhusu njia zote, ikiwemo ile ya kuitoa mimba, ambayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 26, inairuhusu kwa ajili ya kuokoa uhai au afya ya mama. Ni mazungumzo mazito, na mume na wazee hawapaswi kuyafanya mama mwenyewe akiwa hayupo.

Niache dawa zangu nikigundua nina mimba?

Usiache mwenyewe, na pia usiendelee kimya kimya. Nenda hospitali ndani ya siku chache ukiwa na paketi zote mkononi, kwa sababu baadhi ya dawa hubadilishwa. Dawa za presha za enalapril, lisinopril na losartan huweza kudhuru figo za mtoto tumboni, na mahali pake hutumika metildopa, nifedipini au labetalol. Sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne haina madhara kwa mimba na haifai kukatizwa. Frusemidi, ile inayokojoza, hutumika pale mapafu yanapojaa maji, lakini haitolewi kwa ajili ya uvimbe wa kawaida wa miguu.

Mwenye vali ya bandia ya chuma yuko katika hali ya pekee. Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huweza kumletea mtoto kasoro, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na kuiacha bila kuweka kitu badala yake huweza kugandisha damu kwenye vali na kumuua mama. Uamuzi wa kutumia heparini, warfarini au vyote kwa zamu hufanywa na daktari bingwa, na mama huyu hahudumiwi na zahanati peke yake.

Jihadhari pia na dawa za duka. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kwa maumivu ya mgongo bila kuulizwa, hubakisha chumvi na maji mwilini, hupandisha presha, na hazifai baada ya wiki ya 20. Miraa nayo huongeza mapigo na presha.

Ninaishi Kizingitini. Nijifungulie wapi?

Jibu la haki ni kwamba umbali wenyewe ni sehemu ya ugonjwa. Mjamzito mwenye moyo mzima anaweza kuzaa vizuri katika hospitali ya Faza. Mwenye ugonjwa wa moyo unaojulikana anahitaji mahali penye daktari, hewa ya oksijeni, damu ya kuongezwa, chumba cha upasuaji na mtu wa kukaa naye siku tatu za mwanzo. Kwa walio wengi hiyo ina maana ya hospitali kuu ya kaunti mjini Amu, na kwa walio katika ngazi za juu za hatari ni Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa.

Sasa tazama safari. Kutoka kisiwa cha Pate ni boti hadi Amu. Kutoka Amu ni boti tena hadi Mokowe. Kutoka Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 hadi Malindi, na takriban 120 nyingine hadi Mombasa. Wakati wa kusi bahari huchafuka na manahodha hukataa kutoka usiku, maji yakitoka mashua hukwama, na mafuriko ya Mto Tana yamewahi kuikata barabara ya Garsen. Hata ndani ya mji wa Amu, ambako gari haliingii vichochoroni, mgonjwa hubebwa kwa kiti, kwa mkokoteni au kwa punda hadi pwani. Mtu anayejaa maji mapafuni hana muda wa hayo yote.

Kwa hiyo mpango hufanywa mwezi wa sita au wa saba, bahari ikiwa shwari na mama akiwa na nguvu. Tafuta jamaa wa kufikia Amu, Malindi au Mombasa, na uhamie kabla ya wiki ya 36, au mapema zaidi daktari akisema. Jiandikishe na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na hakikisha usajili umekamilika. Weka namba za manahodha wawili, si mmoja. Beba kitabu cha mama na mtoto na karatasi za eko ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kwa sababu daktari wa zamu ya usiku Mombasa hawezi kusoma karatasi iliyolowa.

Lazima nipasuliwe?

Hapana. Kwa wengi wenye ugonjwa wa moyo kuzaa kwa njia ya kawaida ndiko salama zaidi, kwa kuwa hupoteza damu kidogo na hatari ya maambukizi ni ndogo. Mama hulazwa kwa ubavu wa kushoto au hukalishwa nusu, maumivu hutulizwa vizuri kwa sababu maumivu huongeza mapigo, maji ya mshipani hutolewa kwa kipimo, na mara nyingi mtoto husaidiwa kutoka kwa kifaa cha kuvuta ili mama asisukume kwa muda mrefu. Upasuaji hufanywa kwa sababu za uzazi au kwa hali chache maalumu za moyo. Mkumbushe mkunga kuhusu moyo wako kabla ya sindano ya kuzuia damu, kwani ergometrini hupandisha presha na kwa kawaida huepukwa kwa mama kama wewe.

Vipi kuhusu kufunga Ramadhani?

Mgonjwa na mjamzito wameruhusiwa kula, na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi Amu, mwenye kuihofia nafsi yake hula na kulipa baadaye. Kitabibu, kukaa bila maji kutwa nzima katika joto la pwani, pamoja na dawa za kukojoza, huifanya damu kuwa nzito na kumfanya mama azimie. Wenye vali ya bandia, presha au moyo dhaifu hatuwashauri kufunga. Anayeona haya kula mbele za watu na ale chumbani, lakini dawa za mchana zisiahirishwe hadi magharibi.

Nile nini?

Adui mkubwa ni chumvi, na jikoni kwetu hujificha mahali ambapo ulimi umezoea: papa na ng'onda, achari ya embe, viungo vya pakiti vinavyotiwa katika mchuzi. Samaki mbichi wa kupaka ni mzuri. Papa akiliwa, basi alowekwe usiku kucha na maji yamwagwe zaidi ya mara moja, na hata hivyo kipande kiwe kidogo. Vidonge vya madini ya chuma na foliki vinywewe kila siku, na dawa ya kinga ya malaria inayotolewa kliniki isikosekane.

Mtoto ameshazaliwa salama. Arubaini ina hatari gani?

Kuna ugonjwa wa misuli ya moyo ambao hutokea katika mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kuzaa, kwa mwanamke ambaye hakuwa na kasoro yoyote. Moyo hutanuka na kulegea. Huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, kwa waliozaa mapacha, kwa waliopata presha ya mimba na kwa waliopita miaka 30. Hutokea hasa wakati mzazi yumo chumbani, anakandwa, amefungwa tumbo, na kila anachokisema huambiwa ni uchovu wa uzazi.

Katika miaka ya 1970 madaktari wa Zaria, kaskazini mwa Nigeria, waliuhusisha ugonjwa huu na desturi ya huko ya mzazi kula uji wenye chumvi ya magadi na kuogeshwa maji moto kwa siku 40. Tafiti za baadaye hazikukubaliana nao kikamilifu, na desturi zetu si zile. Hatusemi arubaini iachwe. Mapumziko yake ni neema, na mama anayelala na kupikiwa hupona upesi. Tunachosema ni kwamba mzazi mwenye ugonjwa wa moyo asikandwe kwa maji ya kuunguza, tumbo lisikazwe hadi ashindwe kuvuta pumzi, supu zake zisijae chumvi, na mavyaa au somo anayemhudumia amuulize kila usiku swali moja tu: unaweza kulala chali? Akisema hapana, aende hospitali siku hiyo, hata kama arubaini haijaisha.

Baadhi ya wenye ugonjwa huu moyo wao hurudia nguvu zake ndani ya miezi kadhaa. Wengine hubaki na udhaifu, na kwao mimba nyingine ni hatari kubwa. Kunyonyesha kuzungumzwe na daktari. Enalapril na warfarini, kwa mfano, ambazo hutiliwa shaka wakati wa mimba, kwa kawaida hukubalika kwa anayenyonyesha.

Njia gani ya kupanga uzazi inanifaa?

Vidonge na sindano zenye estrojeni huongeza kuganda kwa damu na haziwafai wengi wenye maradhi ya moyo. Kipandikizi cha mkononi na kitanzi ni salama zaidi na hudumu kwa miaka. Ushauri huu utolewe kabla mama hajaruhusiwa kutoka hospitalini.

Mtoto atarithi?

Kovu la rumatiki halirithiwi. Mama aliyezaliwa na kasoro ya moyo ana uwezekano wa takriban asilimia 3 hadi 5 wa kuzaa mtoto mwenye kasoro, ukilinganisha na karibu asilimia 1 kwa watu wote, kwa hiyo mtoto huchunguzwa.

Mke wangu ameshikwa na pumzi usiku. Nifanye nini kabla ya boti kufika?

Mkalishe wima, miguu ikining'inia, mgongo ukiegemea mtu au ukuta. Usimlaze chali hata akiomba. Fungua madirisha na uwatoe watu chumbani. Usimpe maji mengi, wala mtu asimtundikie dripu kwa sababu tu amelegea, kwani maji hayo huenda moja kwa moja mapafuni. Mpigie nahodha kwanza, kisha hospitali, uwaambie wazi kwamba ni mjamzito, au ni mzazi wa siku kadhaa, na kwamba anashindwa kupumua, ili oksijeni iwe tayari gatini. Ndani ya boti akae vile vile wima, katikati, pasiporushwa sana na mawimbi, na wewe ushike ule mfuko wa karatasi.